Bonisile Gqirana, Aliyekifuta Kifungu cha Saba (1957–2019)

Habari ilitufikia Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, saa moja na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwa marehemu, mtaa wa NY 78, Gugulethu, Cape Town. Simu iliita jikoni. Mke wake Nozibele, ambaye sote tunamwita MaDlomo kwa ukoo wa baba yake, aliipokea akiwa amesimama. Aliyepiga alikuwa muuguzi. Kabla ya kusema lolote alimwuliza kama yuko na mtu karibu.

"Kwa nini unataka kujua niko na nani?" MaDlomo alimjibu. "Kama una jambo, liseme, binti yangu."

Muuguzi akalisema. MaDlomo aliweka simu mezani bila kuikata, akamgeukia wifi yake Noluvo aliyekuwa akimenya viazi. "Kaka yako amekwenda. Wanasema ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Sasa walikuwa wanangoja nini muda wote huo?" Walipiga magoti hapo hapo sakafuni, maganda ya viazi yakiwa pembeni, wakamshukuru Mungu aliyetukopesha Bonisile kwa miaka sitini na mmoja.

Hata saa tatu haijafika, maua yalikuwa mlangoni. Yalitoka Jumba la Opera la Vlakberg, alikofanya kazi kwa miaka ishirini na mitatu. Wakati huo sisi tulikuwa hatujampigia mtu yeyote wa huko. MaDlomo alimwuliza kijana aliyeyaleta ni nani aliyewaambia. Kijana akasema, "Mama, mimi naleta tu." Baadaye tulielezwa kwamba muuguzi wa zamu ile ni binti wa fundi taa mmoja wa jumbani. Huenda ni kweli.

Katika maua hayo kulikuwa na kadi iliyoandikwa: Kwa mtumishi wetu mwaminifu. Neno hilo lilituchoma. Tunajua, na wengi mliopo hapa mnajua, kwamba kwa miaka sita ilisemwa kuwa Bonisile alikuwa mwaminifu kupita kiasi kwa wenye jumba, na kwamba siku moja mwaka 2013 alifunga mlango pamoja nao akawauza wenzake. Wengine mlioyasema hayo mmekaa mbele yetu asubuhi hii, na tunawakaribisha. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba akishafariki wasifu wake usomwe wote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida huachwa. Ndivyo tutakavyofanya.

Bonisile alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1957 katika kijiji cha Ncora, wilaya ya Cofimvaba, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzoli Gqirana na marehemu Nofikile, MaMiya. Kwa ukoo alikuwa Mpinga, na jina hilo ndilo lililomfuata maisha yake yote, kanisani na kazini. Alibatizwa katika Kanisa la Methodisti hapo Ncora sikukuu ya Pasaka mwaka 1958. Baba yake alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu, na alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka.

Alianza shule ya msingi ya Ncora mwaka 1965. Huko alifundishwa na Mwalimu Dyasi, aliyekuwa akiwafundisha watoto kuimba kwa herufi za do-re-mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki. Siku moja mwalimu alinakili wimbo mzima, sauti zote nne. Darasa likasimama tayari kuimba, Bonisile akanyoosha mkono. "Mwalimu, mstari wa besi unadanganya." Mwalimu akauangalia, akamwambia akae. Wakaimba, na walipofika mstari ule wakagongana wote. Mwalimu Dyasi akafuta kwa mkono wa koti lake, akasema, "Gqirana, wewe utamkagua hata Mtume Petro mlangoni." Alifaulu vizuri akaendelea na sekondari Cofimvaba, akafika darasa la nane kwa hesabu ya shule za huko.

Hapo masomo yakakatika. Mwezi Juni 1974 daktari wa mgodi aliwapima vifua wachimbaji wote wa zamu ya baba yake. Ilisemwa ni kwa faida yao. Mzee Mzoli alipimwa Jumatatu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kwenye treni ya kurudi nyumbani na blanketi mpya mabegani. Kikohozi chake hakuna aliyekigusa. Alifariki mwaka uliofuata. Bonisile alikuwa na miaka kumi na saba, naye alilihifadhi jambo hilo bila kulizungumza sana. Alikwenda jandoni mwaka 1976, na mwezi Februari 1977 akaja Cape Town kutafuta kazi.

Alipata kazi katika ghala la barafu la samaki bandarini, akakaa huko miaka kumi na minane. Ni katika miaka hiyo alipokutana na MaDlomo. MaDlomo alikuwa akiuza maandazi asubuhi karibu na stesheni ya Langa, naye hakuwa na kibali cha kukaa mjini, kama wanawake wengi wa wakati ule. Bonisile alikuwa akinunua mawili kila siku, na kila siku akiuliza swali. Unakaa wapi? Unakaa na nani? Ulikuja lini? MaDlomo aliingiwa na hofu. Akawaambia wenzake, "Yule mwenye sauti nene ni wa ofisi ya vibali. Mtu wa kawaida hali maandazi huku anahoji." Siku ya sita alipoulizwa tena anakaa wapi, alimtajia nyumba ya mchungaji.

Jumapili jioni Bonisile akaenda huko, amevaa tai, ameshika kuku. Mchungaji Ntlabati alishangaa lakini alimkaribisha, kuku akapokelewa, na kabla ya kula wakaimba. Mchungaji alipoisikia ile besi hakumwachia tena. Hivyo ndivyo Bonisile alivyoingia katika kwaya ya kanisa letu, na ndivyo MaDlomo, aliyekuwa akiimba alto katika kwaya hiyo hiyo, alivyoinua macho Jumamosi ya mazoezi akamwona mtu wa vibali amesimama safu ya nyuma na kitabu cha nyimbo mkononi. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto wawili, Siyamthanda na Lwandile.

Mwezi Februari 1996 Jumba la Opera la Vlakberg lilitangaza kwamba linatafuta waimbaji wa kwaya, na kwa mara ya kwanza tangazo lilibandikwa kwenye kumbi za mitaani kwetu. Bonisile alikwenda na wenzake saba. Mpiga kinanda alimwambia aimbe ngazi ya sauti kwa "a", kupanda na kushuka. Yeye akauliza kwanza, "Hiyo 'a' inakwenda wapi?" Akajibiwa haiendi popote, ni ya kupima. Akasema basi angependa kujua kwanza inapima nini. Alichukuliwa, yeye na mtu mwingine mmoja, mwimbaji wa sauti ya tenori aitwaye Zwelakhe Mbanga kutoka Nyanga. Toka siku hiyo wawili hao walikuwa kama ndugu. Noti za jumbani zilikuwa za mistari, wao walijua do-re-mi tu. Kwa hiyo walikaa pamoja Jumamosi mezani kwa MaDlomo wakizigeuza kurasa zote kuwa do-re-mi kwa penseli, Bonisile akimkagua Zwelakhe na Zwelakhe akimkagua Bonisile.

Kazi ya opera ilimfurahisha sana, lakini haikumpumbaza. Aliona kwamba waimbaji wa kwaya waliitwa kwa mkataba wa opera moja moja, na asiyependwa hafukuzwi, ila haitwi tena. Aliona jukwaa la mteremko likiua magoti ya watu, makoti ya sufu yakivaliwa mwezi Januari, na chumba cha kubadilishia nguo chini ya jukwaa chenye bomba moja la maji baridi kwa watu arobaini. Mwaka 2008 alichaguliwa kuwa mwakilishi wa kwaya, na mafundi wa jukwaa, washona mavazi na wafagiaji wakaomba awasemee na wao pia. Kila mkataba alikuwa akiusoma mara mbili kwa sauti mbele ya wote, akisimama kwenye kila neno lililomtia shaka. Zwelakhe alikuwa akisema, "Mpinga husoma hata karatasi iliyofungia samaki." Kwa njia hiyo yalipatikana maji ya moto, viti, mapumziko ya dakika ishirini kila baada ya saa mbili, na gari la kuwarudisha watu makwao baada ya onyesho. Hakuna hata kimoja kilichopatikana kwa kuombwa mara moja.

Kisha ukaja moshi. Tangu mwaka 2009 jumba lilikuwa likitumia mashine ya kutoa ukungu jukwaani, kidogo kidogo. Mwanzoni mwa 2013 ilianza opera mpya ya vita ambayo ukungu wake ulianza pazia likifunguka na kwisha pazia likifungwa, na hata kwenye mazoezi ulikuwapo. Watu walikohoa. Zwelakhe alikohoa kuliko wote. Meneja mkuu, Bwana Vosburgh, aliwaambia wasiwe na wasiwasi, kwani kilichomo mle ni maji na kitu kile kile kinachotiwa kwenye keki.

"Keki hailiwi kwa mapafu," Bonisile alimjibu.

Aliomba kuona maandishi ya kiwanda. Akaambiwa yamepotea. Akaomba kuiona chupa yenyewe. Akaambiwa imefungiwa stoo. Aliyoyasikia aliyaleta nyumbani, na MaDlomo ndiye aliyepata njia. Kama mnavyojua, MaDlomo ni mama wa Manyano, umoja wa akina mama wanaokutana Alhamisi kwa blauzi nyekundu, kola nyeupe na kofia nyeupe, na hakuna watu wanaoujua weupe kuliko wao. Alifua kola sita, akazitia wanga, akazipiga pasi. Mwezi Aprili Bonisile na fundi mmoja wakazitundika: moja kando ya mashine, mbili pembeni mwa jukwaa, moja kwenye shimo la wapiga vyombo, moja kwenye chumba cha nguo. Ya sita ilibaki nyumbani kabatini ili isiwepo hoja kwamba kitambaa ni kibovu.

Baada ya wiki mbili ziliwekwa zote sita mezani kwa Bwana Vosburgh, mbele ya wafanyakazi. Ile ya kando ya mashine ilikuwa ya manjano na inanata kidoleni. Nyingine zilikuwa zimebadilika rangi kwa kadiri zilivyokuwa karibu na mashine. Ya kabatini ilikuwa nyeupe. Bwana Vosburgh alisema huenda ni jasho la waimbaji. MaDlomo alikuwa ameombwa ahudhurie, akasimama.

"Bwana, nimefua kola hizi miaka ishirini na sita. Jasho nalijua. Masizi nayajua. Hata rangi ya mdomo ya mwanamke ambaye si mke wa mwenye shati naijua. Hii ni mafuta."

Chumba kizima kilicheka, hata katibu wa meneja. Tangu siku hiyo ofisi ilikubali kuzungumza.

Mapatano yaliandikwa yakiwa na vifungu saba. Sita vilikuwa vyema: mashine ile iondolewe, moshi usitumike kwenye mazoezi, hewa ipimwe na mtu wa nje, kwaya ipewe nafasi ya kutoka nje kupumua, mafundi wapewe vifuniko vya pua, na mapatano yadumu miaka sita. Kifungu cha saba kilisema kwamba waimbaji na wafanyakazi wote wa jukwaani watapimwa mapafu na daktari wa jumba kabla ya kila mkataba, na majibu yatatunzwa ofisini. Wengi walifurahi. Zwelakhe alifurahi zaidi, maana alitaka kujua kinachomsumbua.

Bonisile alipokifikia kifungu hicho alikisoma tena kwa sauti. Alimkumbuka baba yake kwenye treni. Alimkumbuka pia Mama Dorothea Fortuin wa mavazi, aliyepimwa na daktari huyo huyo mwaka 2012. Msimu uliofuata Mama Dorothea hakuitwa, na barua ilisema mavazi yamepungua. Mavazi hayakupungua. Bonisile alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya kifungu cha saba.

Bwana Vosburgh akasema bila cha saba hakuna sita. Akawaomba wengine watoke. Mlango ulifungwa kwa muda wa saa moja na nusu. Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 2013. Ulipofunguliwa, Bonisile alitoka na vifungu sita vyenye saini, na cha saba kimefutwa. Jumatatu ilitangazwa kwamba Bonisile Gqirana haimbi tena, ameondoka kwenye uwakilishi, na amepewa kazi ya kutunza maktaba ya noti, chumba chenye dirisha, ghorofa ya kwanza.

Watu waliunganisha mambo hayo mawili, na nani angewalaumu? Zwelakhe alimfuata kantini, sahani mkononi.

"Mpinga, wewe wamekupa kiti chenye mto. Sisi wametupa nini?"

"Wamewapa hewa."

"Hewa Mungu alishatupa. Mimi nilitaka daktari, na wewe umemfuta kwa kalamu."

"Nenda kliniki ya mtaani kwenu, Mbanga. Kifua chako usikipeleke ofisini kwa mtu."

"Na wewe kiti chako ulikipata ofisini kwa nani?"

Zwelakhe alihamisha sahani yake meza nyingine, na kwa miaka sita hakurudi. Wengine walimfuata. Alipopita na mafaili ya noti, mazungumzo yalikatika. Hata kanisani wapo waliouliza kwa nini mtu mwenye besi ile sasa anakaa kimya kwenye kiti akitikisa kichwa tu. Alisema amechoka.

MaDlomo naye alianza kushuku, lakini upande mwingine. Mume wake alikuwa akichelewa kila Jumatano, na alirudi ameoga. Mwezi Mei 2014 alimngoja mlangoni.

"Baba Siyamthanda, Jumatano una nani?"

"Nina kazi."

"Kazi gani inayomwogesha mtu? Nimezeeka, sijapofuka. Nitajie jina lake nimwombee."

Bonisile aliketi, akatoa mfukoni kadi ya kliniki ya kifua. Jumatano alikuwa akipuliza kwenye bomba na kufanyishwa mazoezi mpaka analoa jasho, kisha akioga huko huko ili nyumbani wasijue. Kadi ilionyesha kwamba alipimwa mara ya kwanza tarehe 13 Machi 2013, na siku hiyo hiyo daktari aliandika: mapafu yameharibika, asiimbe tena.

Hilo ndilo alilotaka lisomwe leo. Siku mlango ulipofungwa, Bwana Vosburgh alitaka kitu kimoja badala ya kifungu cha saba, nacho ni kwamba mwakilishi huyu msumbufu aondoke jukwaani na asiwawakilishe watu tena. Bonisile aliomba nusu saa ya kufikiri, akajifanya linamuuma, kisha akakubali. Aliwapa sauti ambayo alikuwa ameshaipoteza miezi mitatu kabla, nao hawakujua. Lau angemwambia mtu mmoja, ofisi ingejua kwamba haikupata chochote, na mapatano yangerudi mezani na kifungu chake. Na lau daktari wa jumba angewapima watu mwaka ule, jina lake lingekuwa la kwanza na la Zwelakhe la pili. Alimwapisha MaDlomo asiseme mpaka miaka sita iishe. MaDlomo alitunza siri hiyo, na aliumia kuitunza, maana masengenyo aliyasikia yeye kuliko mumewe.

Mwezi Juni 2019 mapatano yalifanywa upya, safari hii bila mwisho. Ofisi ilikileta tena kifungu cha saba, na mwakilishi mpya alikikataa mpaka kikaandikwa upya: kila mtu atapimwa mahali anapopenda, na majibu ni mali yake. Mwakilishi huyo ni Zwelakhe Mbanga.

Bonisile alilazwa hospitali tarehe 9 Julai. Hakuwa akilalamika. Alimwuliza kila muuguzi jina la kila kidonge, na kimoja alikikataa hadi alipoletewa boksi lake. Mchungaji alimpa Meza ya Bwana mara mbili, na alipokea kwa furaha.

Jumapili, tarehe 4 Agosti, wakati wa kutembelea wagonjwa, Zwelakhe aliingia wodini. Alisimama mbali kidogo na kitanda, kofia mkononi.

"Mbanga," Bonisile alisema. "Umekuja kuhakikisha?"

"Nimekuja kuuliza. Nikikuuliza kaburini hutanijibu."

"Uliza haraka basi. Pumzi zangu siku hizi zinapanga foleni."

"Mwezi wa sita nimekaa na watu wale siku nne. Nimeona walivyokipigania kile kifungu. Hakuna anayepigania hivyo afya ya mtu mwingine. Nikajiuliza, Mpinga alikifutaje mwaka ule? Uliwapa nini?"

"Sauti yangu."

"Na wao wakakupa kiti."

"MaDlomo, mwonyeshe kadi."

Zwelakhe aliisoma. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine, akaisoma tena. "Machi," alisema. "Tulitia saini Juni."

"Juni."

"Kwa hiyo uliwauzia maiti."

"Walitaka kuwapima watu wote. Hiyo moja hawakuipima."

Zwelakhe alicheka, Bonisile naye akacheka mpaka akakohoa na muuguzi akaja kutukaripia. Walipotulia Zwelakhe alivuta kiti. "Miaka sita, Mpinga. Ungeniambia mimi tu."

"Wewe? Wewe ukiambiwa siri, wapiga ngoma kule shimoni wanaijua kabla ya mapumziko."

"Hilo ni kweli," Zwelakhe alisema, na akaanza kulia. Alikaa hadi kengele ya kuondoka ilipolia, akaondoka wa mwisho.

Jumatatu MaDlomo na Noluvo walikuwa naye hadi jioni. Waliomba pamoja, MaDlomo akamlowanisha midomo. Alimwuliza mkewe kama amefunga mlango wa nyuma wa nyumba. MaDlomo akasema ameufunga. Akauliza, "Na komeo?" Akaambiwa na komeo. Akafumba macho. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwetu. Bwana alimchukua alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019.

Ameacha mjane, Nozibele. Binti yake Siyamthanda, mwalimu huko Komani. Mwanawe Lwandile, fundi umeme, na mkewe Yoliswa. Wajukuu watatu, Khazimla, Oyena na Mzoli. Dada yake Noluvo na kaka yake Themba. Na ukoo wote wa Mpinga.

Bwana Vosburgh aliomba kusema machache leo. Familia iliomba kuyaona kwanza yakiwa yameandikwa, tukayasoma mara mbili, kisha tukamjibu kwamba anakaribishwa kukaa pamoja na waombolezaji wengine.

Mwili ulifika nyumbani jana, Ijumaa, saa nane mchana. Watu wa kwaya ya opera walikuja thelathini na mmoja, pamoja na mafundi na akina mama wa mavazi. Wanane hawakuja, na tunawaachia Mungu. Walipita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Zwelakhe alisimama uani mbele ya watu wote akasema, "Mimi ndiye niliyesema huyu aliuza. Nilisema kwa mdomo huu, na niliyemsema alikuwa ananikinga mimi." Kisha akaenda kukaa upande wa ndugu, MaDlomo akamletea sahani ya umngqusho, mahindi yetu ya kupondwa na maharage, wakala pamoja. Saa kumi na moja jioni Mchungaji aliomba. Watoto walimshika baba yao mkono, MaDlomo akamnyoosha kola ya shati, na kifuniko kikafungwa.

Wasifu huu ukimalizika, atabebwa na watu sita: Lwandile, Themba, wapwa wawili, fundi mmoja wa jukwaani, na Zwelakhe Mbanga. Kwaya itaimba sauti zote nne. Baada ya udongo wa familia, kila aliye tayari atatia wake.

Mpinga, umefika kwa Bwana asiyehitaji kukaguliwa. Lala kwa amani yake.